Acha Nyasi Zisahau Jino

Siku waliyokuja kumpandisha cheo, Waya alikuwa na mavi ya ng'ombe kwenye kucha. Aliusikia mngurumo wa gari kabla hajaliona. Akalaza sepeto nyuma ya choo, akalisukuma beseni katikati ya mboga za mkewe, akanawa kwa maji ya kuku. Kofia aliivaa mwisho. Kofia ndiyo kazi yenyewe. Bila kofia alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mitano mwenye ng'ombe mmoja na mbuzi tisa, na watu wa aina hiyo nyikani walijaa tele.

Jina la Waya hakupewa na wazazi. Alipewa na majirani miaka kumi na miwili nyuma, wataalamu walipozungushia waya vipande viwili vya malisho wakamwajiri avilinde. Kimoja kilikuwa karibu na nyumba yake, ukirusha jiwe linafika. Cha pili kilikuwa ng'ambo ya korongo, mwendo wa nusu saa. Kila kimoja hatua arobaini kwa arobaini, na lango lenye kufuli ambalo ufunguo wake walikaa nao wataalamu. Nje, mifugo ya watu iendelee kula kama ilivyozoea. Ndani, hata mbuzi asitie mguu. Kila mwaka ungechimbwa udongo wa ndani na wa nje, ulinganishwe. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenzao kaajiriwa kuzilinda nyasi zisiliwe na wenye meno.

Aliyeshuka kwanza garini ni Daktari wa Udongo, mwanamke wa makamo ambaye suruali zake zote zilikuwa zimetoboka magotini kwa kupigia magoti ardhi. Yeye walikuwa wanajuana. Nyuma yake akashuka Ofisa wa Malisho, kijana wa viatu vinavyong'aa, akakanyaga vumbi kwa uangalifu kama anayekanyaga mkeka wa mtu.

"Mzee, kaa," Ofisa alisema, ndani ya nyumba ambayo si yake. Alikuwa ameshakipangusa kwa kitambaa kiti pekee chenye mgongo na kukikalia. Daktari alichukua kigoda. Waya akageuza ndoo, akaikalia.

Mkewe alileta chai kwenye vikombe vitatu vinavyofanana, vile vya wageni. Ofisa alikifunika chake kwa karatasi, kwa sababu ya inzi, akasema, na hakukigusa tena. Mama wa nyumba alikitazama kile kikombe kilichofunikwa, akarudi jikoni.

"Tumemaliza kupima," Daktari alisema. Alikuwa na furaha ambayo Waya hajawahi kuiona usoni pake. "Unakumbuka zile nyuzi nilizokuonyesha? Nyeupe, kwenye mizizi?"

"Kuvu."

"Kuvu. Mzizi wa nyasi ni mfupi, mzee. Maji yakiwa mbali, mzizi peke yake haufiki. Zile nyuzi ndizo zinazokwenda kuyateka. Nyasi nazo zinazilisha. Zikikatika nyuzi, jua likiwaka mwezi mmoja tu nyasi zimekufa." Akapiga goti lake kofi. "Basi uzio wako wa karibu umejaa. Sijaona udongo kama ule tangu nianze kazi. Na hapo nje, hatua tano kutoka kwenye waya, hakuna kitu. Kumebaki vumbi."

"Ng'ombe wameivua ardhi nguo," Ofisa alisema. Ilionekana ni maneno aliyokwisha kuyasema kwingine yakapendeza.

Waya aliizungusha kofia mikononi. "Na uzio wa mbali, Daktari?"

Daktari alisita. "Ule umetusumbua. Nyasi kuukuu zimesimama zimekufa, zimejisonga zenyewe, nyuzi ni chache. Sielewi. Labda palipita moto zamani, labda kuna watu waliingiza mifugo. Tumeuhesabu kuwa umeharibika. Haumo kwenye ripoti."

"Ule wa mbali hajaingia mtu."

"Mzee," Ofisa akacheka, "utabishana na darubini?"

Ofisa akatoa habari yenyewe. Kwa ripoti ile, nyika yote, kuanzia korongo mpaka vilimani, ingezungushiwa waya kwa miaka kumi. Wafugaji wangehama na mifugo yao kabla ya mvua. Wangehitajika walinzi kumi na wanne, na juu yao msimamizi mmoja mwenye barua ya kudumu, buti, na kiinua mgongo siku ya kustaafu. "Na msimamizi ni nani kama si wewe? Umelinda miaka kumi na miwili, hakuna doa. Alhamisi tuna kikao pale kwenye uzio. Utatia saini Tamko la Mlinzi kama kawaida, mbele ya watu safari hii, tumalize."

Tamko la Mlinzi Waya alilijua kwa moyo. *Nathibitisha kwamba hakuna mnyama wa kufugwa aliyeingia ndani ya uzio ninaoulinda.* Alikuwa amelitia saini mara kumi na moja. Mara tatu za mwanzo alisema kweli.

* * *

Walipoondoka alikwenda kwenye uzio wa karibu, akasimama kwenye nguzo ya tatu kutoka kona. Pale waya haukupigiliwa msumari. Ulining'inizwa kwa kitanzi, na kitanzi kile alikitengeneza mwenyewe miaka tisa iliyopita, mwaka wa ukame, mwezi mmoja baada ya kumzika mama yake.

Mama yake aliacha ng'ombe saba. Ukame uliwachukua sita, mmoja mmoja, mpaka akabaki ndama wa madoadoa ambaye mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Bibi kizee alikuwa amemwambia, siku sauti yake ilipokuwa bado ya kusikika, "Mwanangu, usiache zizi likawa tupu. Zizi tupu huita mauti." Waya alikuwa mtu mzima wa watoto wanne, ila neno la mama halina umri. Siku moja adhuhuri, watu wote wakiwa kisimani na mifugo, alikishusha kitanzi, akamsukuma ndama ndani. Alisimama pale akitazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Madoa akala.

Alikusudia iwe mara moja. Lakini nani aliyewahi kumpa ndama nyasi mara moja? Mvua ziliporudi alifanya tena, na hapo hakufanya ovyo. Alifanya alivyofundishwa. Siku tatu, nne, nyasi zikiwa zimefika gotini. Kisha anamtoa, anafunga, anaacha miezi. Mavi aliyachota yote kwa sepeto, akayabeba kwenye beseni hadi kwenye mboga za mkewe. Daktari alikuja mara mbili kwa mwaka, na siku zake zilijulikana. Nyasi alizikuta zimesimama.

Hakuona kama amedanganya sana. Kang'ata nyasi ng'ombe mmoja, basi. Lipi kubwa hapo?

Alichuchumaa, akapitisha mkono chini ya waya, akang'oa kishada cha nyasi na udongo wake, akakipeleka puani. Pale pale akawa mtoto wa miaka minane.

Enzi hizo zizi lao lilikuwa la nguzo na miiba, na halikukaa msimu wa pili mahali pamoja. Mvua zikikaribia, mama alipiga makofi mawili, na kila mtoto akajua kazi yake. Kila mmoja alikuwa na nguzo yake. Ya kaka yake ilikuwa ndefu kupita zote na kaka aliringa nayo. Ya Waya ilikuwa na kifundo kilichofanana na pua ya mjomba wao, na waliiita Mjomba. Waliziweka vichwani wakapanga mstari, mbwa mbele, ng'ombe nyuma, mama akiimba jambo la kipuuzi kuhusu watu wanaohama na nyumba ya mbu. Walipofika pahali papya, mama aling'oa kishada cha nyasi, akakipitisha kwenye pua ya kila mtoto. "Nusa," alisema. Kikinuka kama nguo iliyoanikwa ikanyeshewa, walikaa. Kikinuka vumbi tupu, waliziinua nguzo tena, na hakuna aliyenung'unika, hata kama shingo zilishaanza kuingia mabegani.

"Ng'ombe ang'ate aende zake," alisema. "Acha nyasi zisahau jino. Akirudi kabla hazijasahau, huyo si mlaji tena, ni mwizi."

Na uyoga. Mvua ya kwanza ikishapiga, wanawake wengine walizunguka nyika nzima na vikapu. Mama alikwenda moja kwa moja lilipokuwa zizi mwaka juzi, akarudi na kikapu kimejaa mpaka ukingoni. Walimwita mchawi. Yeye alicheka. "Mchawi gani? Mimi nakumbuka tu tulipolala."

* * *

"Ulikuwa unanusa nyasi," mkewe alisema aliporudi. Alikuwa akimwagilia mboga. Mboga zile zilikuwa na rangi ya kijani ambayo hakuna jirani aliyeipata, na wenzake walimuuliza sana dawa yake. "Mtu mzima anapandishwa cheo, anakwenda kunusa nyasi."

"Umesikia yote?"

"Nyumba ina vyumba viwili, baba watoto. Nisisikie nina nini?"

Waya alikaa kwenye kizingiti. "Unajua mavi haya yanatoka wapi."

"Kwa Madoa."

"Unajua Madoa anayanyea wapi."

Mkewe alimimina maji polepole mpaka kopo likaisha. "Nimejua tangu mwaka wa kwanza. Ng'ombe wa watu wote mifupa, wako ananenepa. Na wewe unaniletea beseni kama unaniletea kanga. Nilifikiri nikinyamaza ndiyo heshima."

"Wameukosea ule uzio. Wanadhani haukuliwa. Kumbe ule uliofungwa kweli ndio wanaousema umeharibika."

"Kwani wewe ndiye Daktari?"

"Wanawahamisha watu kwa ajili ya ng'ombe wangu, mke wangu. Kaka yangu ana ng'ombe sitini. Atakwenda nao wapi?"

"Kaka yako." Aliweka kopo chini. "Kaka yako aliyesema kwenye harusi ya mwanetu, mbele ya wakwe, kwamba wewe ni mlinzi wa hewa? Watu wakacheka, na mimi nimeshika sinia la wageni sina pa kuliweka? Huyo?"

"Huyo huyo."

"Mvua ikinyesha tunalala tumesogeza kitanda. Unajua upande gani hauvuji? Hakuna. Mimi sikuombi dhahabu. Nakuomba ile barua. Kuwa mke wa kofia nimechoka, nataka kuwa mke wa barua." Aliliokota kopo tena. "Nyamaza kama ulivyonyamaza. Umenyamaza miaka tisa, mdomo umeshazoea."

Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amesema kweli tupu.

* * *

Kaka yake alikuja kesho yake asubuhi, na fimbo yake na harufu yake ya maziwa. Habari ya waya mkubwa ilikuwa imeshamfikia. Hakuketi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimesikia utakuwa bwana mkubwa. Walinzi kumi na wanne. Utawapigia saluti au watakupigia?"

"Kaka, kaa basi unywe maji."

"Nikae kwenye kiti cha nani? Cha serikali?" Alitema mate pembeni, lakini ute haukwenda mbali, alikuwa amezeeka. "Nimekuja kukuuliza jambo moja, halafu naondoka. Ng'ombe hawa wametokana na ng'ombe wa mama. Niwauze mnadani wote kwa wakati mmoja na wenzangu wote, bei iwe ya kuku? Au niwaendeshe mpaka kwa watu nisiowajua, nikaombe maji kwa kupiga magoti? Wewe ungefanya lipi? Sitanii. Nauliza."

Waya alimtazama. Katika maisha yake yote kaka yake hakuwahi kumwuliza kitu akingoja jibu.

"Mara ya mwisho ulihamisha zizi lini?" akamwuliza.

"Nini?"

"Zizi lako. Limekaa pale pale miaka mingapi?"

Kaka alichora vumbi kwa fimbo. "Watoto wote wako mjini. Nani atabeba nguzo?"

"Kwa hiyo Daktari hasemi uongo. Pale kwako ni vumbi. Ng'ombe sitini wanatoka asubuhi wanarudi jioni kwa njia ile ile, wanang'ata jino juu ya jino. Mama angekuchapa."

"Mama," kaka alisema, na kwa kitambo hasira ikamwacha, akabaki mzee tu mwenye fimbo. "Unaikumbuka Mjomba?"

"Yenye pua."

"Niliiweka. Iko kwenye lango la zizi langu mpaka leo. Imewashinda mchwa." Akageuka kwenda zake. Alipofika kwenye mboga alisimama. "Mboga za shemeji zimestawi," alisema, bila kumtazama mtu.

* * *

Alhamisi watu walikuja kama wanaokuja msibani. Walijipanga kwenye vumbi upande wa nje wa uzio, wachungaji na wake zao, na mbele yao pakawekwa meza ndogo, viti vitatu, na kitambaa cha meza kilichotoka kwenye gari. Waya hakuwekewa kiti. Alisimama kando na kofia yake, kama nguzo nyingine ya uzio.

Ofisa alizungumza kwa muda mrefu. Alisema ardhi imechoka. Alisema ng'ombe wameivua nguo. Mwanamke mmoja nyuma akauliza kama na wao wakihama watavuliwa, na watu wakacheka kicheko kisicho na furaha. Kisha karatasi ikaletwa mezani, na kidau cha wino.

"Mlinzi atathibitisha. Mzee, weka kidole hapa."

"Najua kuandika," Waya alisema.

"Vizuri, andika."

Alichukua kalamu. Alimwona mkewe mstari wa pili, amevaa nguo yake nzuri, mikono imefumbatana. Alimwona kaka yake akitazama chini. Akaiona karatasi, na neno *hakuna* lililoanza mstari wa tatu. Akairudisha kalamu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Siwezi kuandika hapa. Si kweli. Uzio huu umeliwa miaka tisa."

Uzio ulilia kwa upepo.

"Umeliwa na nani?" Daktari aliuliza.

"Na ng'ombe wangu. Siku chache kila baada ya mvua. Naomba radhi, Daktari. Ule wa mbali haukuguswa. Nilikwambia."

Ofisa alikuwa wa kwanza kucheka. "Naam. Kaka yake si yule pale? Mzee, amekuahidi madume mangapi? Jamani, mnaona mchezo huu? Uzio una kufuli na muhuri wa lakiri. Ng'ombe aliruka na mbawa?"

Wachungaji wenyewe walimtazama Waya kwa shaka. Walitaka iwe kweli, ndiyo maana walishindwa kuiamini. Waya alivua kofia, akaiweka mezani juu ya karatasi, akatembea mpaka nyumbani kwake. Watu walidhani amekimbia. Alilifungua zizi, akakaa pembeni mikono nyuma, bila kamba, bila fimbo.

Madoa alitoka. Alisimama kidogo, akapunga masikio. Kisha akaja, polepole, kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani kwake. Alipita katikati ya watu nao wakampisha. Alilipita lango lenye kufuli na lakiri bila kulitupia jicho. Alifuata waya mpaka kona, akahesabu, ungeapa amehesabu, nguzo moja, mbili, tatu. Hapo akasimama, akaweka pua yake chini ya kitanzi, akasukuma juu kidogo. Akageuza kichwa kumtafuta Waya, kuona mbona anachelewa.

Mtu mmoja akaanza kucheka, na safari hii kilikuwa kicheko chenyewe. Kikaenea. Kaka yake Waya alicheka mpaka akashikilia fimbo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, na kuna waliosema baadaye hayakuwa ya kicheko.

Daktari hakucheka. Alikwenda kwenye nguzo ya tatu, akakigusa kitanzi kilichong'aa kwa kushikwashikwa.

"Miaka kumi na miwili, mzee," alisema. "Nilipoanza kazi hapa nywele zangu zilikuwa nyeusi. Nimesimama mbele ya watu wenye elimu zao nikaapa juu ya udongo huu. Nimeapa kwa sababu yako."

"Najua."

"Hujui. Nilikuamini kuliko darubini."

Neno lile lilimwingia Waya kuliko matusi yote ya siku ile. Ofisa alikuwa ameshakunja kitambaa cha meza. Aliichukua kofia kwa vidole viwili, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo.

Gari lilipowashwa, Daktari hakulipanda. Alikuwa amepiga magoti pale pale kwenye vumbi, daftari limefunguka mapajani. Alikuwa bado amekasirika, hata kalamu aliishika kwa hasira.

"Kaa hapa," alisema. "Mara ya kwanza ilikuwa lini? Siku ngapi? Nyasi zilifika wapi?"

Waya alikaa. Alikumbuka mara zote. Alizikumbuka kwa mimba za Madoa na ndama waliouzwa, kwa mvua zilizowahi na zilizochelewa, kwa mwaka binti alioolewa. Hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa hiyo hakuna alichokuwa amekisahau.

"Na nani alikufundisha kumtoa baada ya siku nne?"

"Mama. Alisema acha nyasi zisahau jino."

Daktari aliandika. Akaacha kuandika, akalitazama korongo, ule uzio wa mbali ambao ulikuwa umefungwa kweli ukafa kwa kufungwa. Kisha akaitazama nyika ya ng'ombe sitini.

"Ng'ombe mmoja si ushahidi," alisema mwishowe, kama anayejibizana na mtu ambaye hayupo. "Itabidi kuanza upya."

* * *

Waya mkubwa haukujengwa. Haukufutwa pia, uliahirishwa, na wachungaji wanajua ahirisho ni mnyama gani. Hakuna aliyemfanyia Waya sherehe. Barua aliyoipata ilikuwa ya mistari miwili, ya kumwachisha kazi. Mbuzi tisa wakawa watano, kisha watatu. Mkewe hakumsema. Kutomsema huko kulikaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga, mpaka siku mvua za kwanza zilipovuja juu ya kitanda, wote wawili wakasimama wamelishika godoro huku na huku, wakitafuta pakavu, na mkewe akasema, "Basi ndiyo mimi huyu, si mke wa kofia wala wa barua, mke wa kitanzi," akacheka, na mgeni akaondoka.

Kaka yake alituma mtu kumwita. Waya alimkuta amesimama langoni mwa zizi, nguzo zimeng'olewa nusu, mgongo umemshinda. Hakukuwa na watoto. Walizibeba wazee wawili, mbili mbili, wakipumzika kila hatua hamsini. Mjomba aliibeba Waya. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyoikumbuka.

Daktari alirudi mwezi wa saba tangu siku ile. Alikuja nyumbani, akakalia kigoda. Hakuzungumzia yaliyopita.

"Tumegawa uzio wa karibu mara mbili," alisema. "Nusu itafungwa kabisa. Nusu italiwa, siku nne, kwa utaratibu wako. Kuna mlinzi mpya. Wewe siruhusiwi kukuajiri, mzee. Jina lako wamelipigia mstari mwekundu."

"Sawa, Daktari."

"Lakini hawakupiga mstari jina la ng'ombe." Alisema bila kutabasamu. "Nahitaji ng'ombe mmoja, anayeijua kazi. Atalipwa kwa siku."

Mkewe, jikoni, alisikika akiangusha kifuniko. "Jamani," alisema peke yake, "kafukuzwa bwana, kaajiriwa ng'ombe."

Asubuhi ya siku ya kwanza Waya alimpeleka Madoa kazini. Mlinzi mpya, mtu mzima mwenye kofia mpya, alikuwa amelifungua lango, amesimama na daftari. Madoa alimpita, akashika njia ya kona.

"Mzee, lango ni huku."

"Yeye halijui lango," Waya alisema.

Ilibidi amwongoze kwa pembe. Madoa aliingia langoni kwa mashaka, kama mgeni wa harusi asiye na kadi, kisha akainamisha kichwa. Nyasi zilikuwa zimefika gotini. Sauti ya kung'ata ikaanza, ile ile ya asubuhi zote za utotoni, krr, krr, mama akiwa mahali fulani nyuma yake anahesabu watoto na nguzo.

Mlinzi mpya aliandika saa ya kuingia. Kisha akamwangalia Waya mikononi.

"Na hilo beseni la nini?"

Waya alilitazama. Alikuwa amelibeba kutoka nyumbani, na sepeto juu ya bega, bila kujua. Nyuma ya waya Madoa aliinua mkia, akaangusha bonge la mavi, pwaa, mbele ya serikali na mchana kweupe.

"Hilo bonge liache hapo hapo," mlinzi alisema. "Daktari kasema liachwe lilishe udongo."

"Liachwe?"

"Hata kuligusa hairuhusiwi."

Waya alisimama na beseni na sepeto. Kisha akaliegemeza sepeto kwenye nguzo ya tatu, akalipindua beseni chini, akalikalia.